Siku Sabini na Tatu: Uchambuzi wa Kisa cha Mashine ya Maboksi

Kila muhula, tukishafika katikati ya somo la usimamizi wa fedha, nawapa wanafunzi kisa kilekile. Kina kurasa mbili tu. Kiwanda kinachotengeneza maboksi ya karatasi kinataka kununua mashine mpya, na mkurugenzi wake anauliza: ninunue au nisinunue? Wengi wa wanafunzi hao hawatakuwa wahasibu. Wanasomea masoko, ugavi na utawala, na somo la fedha wamelikuta kwenye ratiba kama sharti la kumaliza chuo. Nakipenda kisa hiki kwa sababu kila mmoja wao ataketi siku moja kwenye kikao ambako swali la namna hii litaulizwa, na jibu litaletwa kwa tarakimu alizozipiga mtu mwingine. Nataka ajue pa kugusa.

Hapa nafuata kazi ya kikundi kimoja cha watu watano, tangu jibu la kwanza waliloniletea hadi la mwisho. Makosa yao ni yale ambayo karibu kila anayeanza huyafanya, na yalikuja kwa mpangilio mzuri mno wa kujifunzia.

Kwanza kisa chenyewe. Tarakimu zote ni za maelfu, na sarafu iwe yoyote. Mashine inauzwa 120. Itafanya kazi miaka 5, kisha haitakuwa na thamani. Uchakavu wake, yaani sehemu ya bei inayohesabiwa kuwa imetumika, unagawanywa sawasawa, 24 kila mwaka. Italeta mauzo ya ziada ya 100 kwa mwaka, na gharama za ziada zinazolipwa kwa fedha taslimu, yaani karatasi, mishahara na umeme, ni 60. Kodi ya faida ni asilimia 30. Mwaka jana kiwanda kilimlipa mtaalamu 15 achunguze kama soko lipo. Benki iko tayari kukopesha bei yote ya mashine kwa riba ya asilimia 10, ambayo ni 12 kwa mwaka. Gharama ya mtaji wa kiwanda, yaani malipo wanayodai waliokipa fedha, ukiwajumlisha wakopeshaji na wenye mali pamoja, ni asilimia 12. Halafu, chini kabisa ya ukurasa wa pili, kuna sentensi moja fupi: wateja hulipa, kwa wastani, siku 73 baada ya kupokea mzigo.

Sentensi hiyo ya mwisho kikundi hakikuigusa kabisa.

Jibu la kwanza

Walifanya kama wanavyofanya wengi. Walichukua mauzo 100, wakatoa gharama 60, wakatoa uchakavu 24, wakatoa riba 12, kisha wakaigawa ile 15 ya mtaalamu kwa miaka mitano na kutoa 3. Ikabaki 1. Wakalipa kodi 0.3, ikabaki faida ya 0.7 kwa mwaka. Wakairudisha faida ya miaka mitano katika thamani ya leo kwa asilimia 12, wakapata 2.52. Wakatoa bei ya mashine, 120. Thamani halisi ya sasa, yaani thamani ya leo ya fedha zitakazoingia ukitoa zinazotoka, ikawa −117.48. Wakaandika kwa herufi kubwa: MRADI UKATALIWE.

Sikuwaambia wamekosea. Niliwauliza tu: katika hesabu hii, mashine imelipiwa mara ngapi?

Walinyamaza. Kisha mmoja, msichana aliyekuwa hasemi sana darasani, akaweka kidole kwenye 24 na kingine kwenye 120. "Mwalimu, tumeilipia mara mbili."

Ndivyo. Uchakavu haumtoi mtu senti mfukoni. Fedha ya mashine hutoka siku ya kununua, yote, 120. Mhasibu huigawanya katika miaka mitano ili kila mwaka ubebe sehemu yake ya mzigo, na hiyo ni njia ya haki ya kupima faida ya mwaka. Ukishaitoa 120 mwanzoni kisha ukatoa tena 24 mara tano, umeitoa mashine nyingine nzima. Kuandika kila tukio pande mbili, deni na dai, kulikuwa desturi ya wafanyabiashara wa Italia kabla mwanahisabati Luca Pacioli hajakufafanua katika kitabu kilichochapwa Venice mwaka 1494, na tangu hapo kazi ya vitabu vya hesabu imekuwa kueleza biashara imesimamaje. Swali la mkurugenzi ni jingine: fedha gani itatoka, lini, na ipi itaingia, lini?

Hata hivyo uchakavu haufutwi moja kwa moja. Unahesabiwa kwanza, kwa sababu unapunguza faida inayotozwa kodi, kisha unarudishwa baada ya kodi. Hapa wanafunzi huona kama mchezo wa kiinimacho, toa halafu rudisha, lakini kodi iliyookolewa ni fedha halisi: asilimia 30 ya 24 ni 7.2 kila mwaka. Kikundi kilirudisha 24 juu ya 0.7 na kupata 24.7 kwa mwaka. Thamani halisi ya sasa ikapanda kutoka −117.48 hadi −30.96. Bado walikuwa wanakataa.

Fedha iliyokwisha kwenda

Kosa la pili ni dogo kwa tarakimu na kubwa kwa moyo wa binadamu. Ile 15 aliyolipwa mtaalamu ililipwa mwaka jana. Mkurugenzi akinunua mashine, imekwenda. Asiponunua, imekwenda vilevile. Kitu kisichobadilika kwa uamuzi wowote hakina kiti katika hesabu ya uamuzi.

Nilipolisema hili, kijana mmoja alipinga kwa nguvu, na nilimheshimu kwa hilo. Alisema si haki mradi usibebe gharama iliyotumika kwa ajili yake. Nikamwambia anaongea kama mhasibu anayepima mradi umefanya vizuri au vibaya tangu ulipozaliwa, na kwa kipimo hicho yuko sawa. Mkurugenzi hapimi jana. Mfano unaotajwa sana ni ndege ya Concorde: Uingereza na Ufaransa walitia saini makubaliano ya kuiunda mwaka 1962, gharama zikapaa kuliko makadirio, na katika mijadala ya miaka iliyofuata hoja ya kuendelea ikawa mara nyingi kwamba zimekwisha kutumika nyingi mno kuacha. Ilianza kubeba abiria mwaka 1976 bila matumaini ya kurudisha fedha za kuiunda. Kinachoumiza katika hoja ya namna hiyo ni kwamba inavyozidi kupotea fedha, ndivyo inavyozidi kuwa na nguvu.

Walipoiondoa ile 3, fedha ya kila mwaka ikawa 26.8, na thamani halisi ya sasa −23.39.

Riba

Hapa ndipo tulipokaa muda mrefu kuliko yote ya mwanzo, na sioni aibu kusema kwamba hata mimi nilipokuwa mwanafunzi sikulielewa hili hadi mwaka uliofuata. Riba ni fedha taslimu. Inatoka kweli, inakwenda benki. Kama kanuni ni kuhesabu fedha zinazotoka, kwa nini riba iachwe nje?

Kwa sababu imekwisha kuhesabiwa kwa mlango mwingine. Ile asilimia 12 tunayotumia kurudisha fedha za kesho katika thamani ya leo ndiyo malipo wanayodai waliotoa mtaji, benki ikiwamo. Tunaposema 1 ya mwaka ujao ni sawa na 0.893 ya leo, ile 0.107 iliyopungua ndiyo sehemu yao. Ukiitoa riba juu katika mapato, kisha ukapunguza tena kwa asilimia 12, umemlipa mkopeshaji mara mbili. Ni kosa lileile la uchakavu, ila limevaa nguo nyingine.

Liko jambo la ndani zaidi. Swali la kama mashine ni nzuri na swali la nani atailipia ni maswali mawili. Mwaka 1958 wanauchumi Franco Modigliani na Merton Miller walionyesha kwamba, katika soko lisilo na kodi wala vikwazo, thamani ya kampuni haitegemei imekopa kiasi gani. Inategemea mali zake zinazalisha nini. Mwaka 1963 walirekebisha upande wa kodi, kwa kuwa riba hupunguza kodi, na unafuu huo kwa kawaida huingizwa ndani ya gharama ya mtaji yenyewe. Dunia si ile ya mwaka 1958 wala haijawahi kuwa, lakini kutenganisha mashine na mkopo kumebaki kuwa nidhamu ya kwanza ya somo hili. Mwanafunzi asiyetenganisha atakubali mashine mbovu kwa sababu mkopo wake ni rahisi.

Walipoiondoa riba, hesabu ilisafika. Mauzo 100, toa 60, toa 24, inabaki 16. Kodi 4.8. Inabaki 11.2. Rudisha uchakavu 24. Fedha ya kila mwaka ni 35.2, na kwa miaka mitano thamani yake ya leo ni 126.89. Toa 120. Thamani halisi ya sasa ni +6.89.

Kikundi kilishangilia. Kutoka −117 hadi juu ya sifuri, kwa tarakimu zilezile za kisa kilekile. Waliandika ripoti upya: MRADI UKUBALIWE. Waliongeza kwamba mtaji unarudi katika miaka 3.4, jambo ambalo ni kweli na halisaidii sana, maana kipimo hicho hakijui kinachotokea baada ya mtaji kurudi, na kinaihesabu fedha ya mwaka wa tatu kana kwamba imeingia leo.

Kompyuta nayo

Kabla ya kuendelea, kuna jambo la lahajedwali, programu ya kupanga na kukokotoa tarakimu kwa safu, ambalo siwezi kulipita. Lahajedwali ya kwanza ya kompyuta ndogo, VisiCalc ya mwaka 1979, ilizaliwa kutokana na kazi za darasani kama hii: Dan Bricklin alikuwa mwanafunzi wa biashara katika Chuo Kikuu cha Harvard alipopata wazo lake, amechoka kufuta na kuandika upya safu nzima kila tarakimu moja inapobadilika. Tangu hapo hakuna mwanafunzi anayekokotoa kwa mkono, na sina kinyongo na hilo. Ila fomula ya thamani halisi ya sasa iliyomo katika lahajedwali zinazotumiwa sana huchukulia kwamba tarakimu ya kwanza unayoipa itatokea mwishoni mwa mwaka wa kwanza. Ukiijumuisha bei ya mashine, inayolipwa leo, nayo itapunguzwa kwa mwaka mmoja, pamoja na kila kitu kinachofuata. Kikundi hiki kilifanya hivyo katika rasimu moja na kupata +6.15 badala ya +6.89. Ishara haibadiliki, kwa hiyo kosa hujificha vizuri. Dawa ni kuipa fomula miaka ya kwanza hadi ya tano peke yake, kisha kuitoa bei ya leo nje ya mabano.

Siku 73

Niliwarudishia ripoti yao ya furaha, nikaizungushia mduara ile sentensi ya mwisho ya kisa.

Wateja hulipa baada ya siku 73. Mwaka una siku 365, kwa hiyo siku 73 ni sehemu moja ya tano ya mwaka. Mauzo ya ziada ni 100 kwa mwaka. Maana yake ni kwamba, siku yoyote utakayofungua vitabu vya kiwanda wakati mashine inafanya kazi, utakuta 20 ambayo imekwisha kuuzwa, imekwisha kuandikwa kama mauzo, imekwisha kuhesabiwa katika faida na kutozwa kodi, lakini haiko ndani ya kiwanda. Iko kwa wateja. Karatasi iliyotumika imelipiwa, mishahara imelipwa, umeme umelipwa.

Hiyo 20 ndiyo mtaji wa mzunguko ambao mashine inauhitaji. Haionekani kwenye orodha ya bei ya muuza mashine. Haina uchakavu, maana haichakai. Mashine itakapokufa baada ya miaka mitano, wateja wa mwisho watalipa na 20 itarudi yote. Kwa sababu hiyo wengi huiona kama si gharama: imetoka 20, imerudi 20. Lakini 20 ya mwaka wa tano, kwa asilimia 12, ni sawa na 11.35 ya leo. Tofauti, 8.65, imeliwa na kungoja.

Wazo hili la kuipa fedha ya mbele thamani ya leo ni la zamani kuliko benki nyingi zilizopo. Mwanahisabati Simon Stevin alichapisha majedwali ya riba mwaka 1582 huko Antwerp, wakati ambapo waliokuwa na majedwali kama hayo waliyaweka siri ya kazi. Leo mwanafunzi anayo kwenye simu yake. Kinachokosekana ni kujiuliza fedha iko wapi wakati tunaingoja.

Toa 8.65 kutoka 6.89. Thamani halisi ya sasa ni −1.76. Mradi ukataliwe.

Darasa zima lilikuwa kimya sasa, si kikundi kile tu. Jibu lilikuwa limerudi pale lilipoanzia, kwa sababu tofauti kabisa. Mtu aliyeketi kwenye kikao na kusikia neno "ukataliwe" mara ya kwanza na mara ya mwisho angedhani ni jibu moja.

Kisha yule msichana wa vidole viwili aliuliza swali ambalo katika miaka yangu ya kufundisha kisa hiki nimeulizwa mara chache tu. "Mwalimu, kwa nini 20 tunaitoa leo? Leo hatujauza boksi hata moja. Mteja wa kwanza hajakopa bado."

Alikuwa na haki. Desturi ya vitabu vya kiada ni kuuweka mtaji wa mzunguko pamoja na bei ya mashine, mwanzoni, na ina sababu zake: karatasi hununuliwa kabla ya kuuza, na ni salama kukadiria fedha itoke mapema. Lakini ukiliangalia pengo la fedha iliyo kwa wateja peke yake, linajijenga ndani ya mwaka wa kwanza. Ukiliweka mwishoni mwa mwaka huo badala ya mwanzoni, 20 inakuwa 17.86 ya leo, hasara ya kungoja inashuka hadi 6.51, na thamani halisi ya sasa inakuwa +0.38. Ukubaliwe tena!

Nilifurahi sana siku ile. Baadhi ya wanafunzi walikasirika, na ninawaelewa: walikuja kutafuta jibu, wakakuta jibu linapinduka kwa kuhamisha tarakimu moja safu moja kulia. Lakini hiyo ndiyo habari muhimu kuliko zote ambazo mkurugenzi angeweza kupewa. Ripoti inayosema −1.76 na kuishia hapo inamdanganya kwa usahihi wake. Ripoti inayosema +0.38 na kuishia hapo inamdanganya vilevile. Ukweli ni kwamba mashine yenyewe iko sawa, na uamuzi wote umening'inia kwenye kasi ya wateja kulipa.

Ripoti ya mwisho

Kwa hiyo kikundi kiliacha kuuliza "ndiyo au hapana" na kuuliza "kwa masharti gani". Waliitafuta idadi ya siku inayoifanya thamani halisi ya sasa iwe sifuri hata kwa desturi ile ngumu ya kuweka mtaji wote mwanzoni. Wakapata siku 58. Wateja wakilipa ndani ya siku 58, mashine inajilipia. Wakizidi, inaanza kula mtaji. Wakapima pia siku 45: fedha iliyo kwa wateja inashuka hadi 12.33, na thamani halisi ya sasa ni +1.56 kwa desturi ngumu, +2.88 kwa ile nyingine. Ishara haipinduki tena, mtaji uwekwe mwanzoni au mwishoni mwa mwaka. Hapo ndipo unapoweza kusimama.

Nilipenda kuona jinsi mazungumzo yalivyohama. Mwanzoni mwa kisa, aliyekuwa na sauti katika kikundi alikuwa kijana aliyesoma uhasibu sekondari. Mwishoni alikuwa yule anayesomea masoko, kwa sababu swali lililobaki lilikuwa lake: mteja aliyezoea kulipa baada ya siku 73 utamfanyaje alipe baada ya 45? Alipendekeza njia inayotumika sana, kumpunguzia bei anayelipa mapema. Asilimia 1, alisema, si kitu.

Wakaipima. Asilimia 1 ya mauzo ni 1 kwa mwaka, na baada ya kodi ni 0.7. Fedha ya kila mwaka inashuka kutoka 35.2 hadi 34.5. Kwa miaka mitano hiyo ni zaidi ya 2.5 ya thamani ya leo, ilhali kuwahi kulipwa kwa siku 28, pamoja na deni la wateja kupungua kidogo kwa punguzo, kunaokoa 3.4 tu, na tulianza tukiwa chini ya sifuri kwa 1.76. Thamani halisi ya sasa ikawa karibu −0.9. Asilimia 1 ile isiyo kitu ilitosha kuiua mashine.

Wakashuka kidogo kidogo hadi walipofika asilimia 0.6. Hapo inabaki +0.07, unywele mmoja juu ya sifuri. Ukurasa wa mwisho wa ripoti yao ulikuwa na sentensi tatu. Mashine inunuliwe iwapo mikataba mipya itasainiwa kwa malipo ya siku 45. Afisa mauzo asitoe punguzo la bei linalozidi asilimia 0.6 ili kuzipata siku hizo. Wateja wasipokubali kushuka chini ya siku 58, barua ya kuagiza mashine isitumwe.